Jiwe Chini ya Gramafoni

Gramafoni ilikuwa sakafuni, imelazwa polepole kama mtoto anayelala. Jiwe lililokuwa chini yake halikuwepo.

Mwaka ule wa 1953, hoteli ya Manasseh pale Keroka ilisifika kwa sababu ya jiwe hilo. Alilinunua kwa Momanyi, mchongaji wa mawe kutoka kijiji cha Tabaka. Alilifunika kwa kitambaa, akaweka gramafoni juu, akatangaza kwamba jiwe linalainisha sauti. Watu walitoka hata Ikonge kuja kunywa chai na kusikiliza.

Inspekta Jeconia Otiende alipiga magoti. Ubavuni mwa gramafoni aliona alama za vidole vyenye unga mweupe.

"Ameacha gramafoni, ameacha sahani za nyimbo, akabeba jiwe tu," alimwambia Manasseh. "Unamshuku nani?"

"Abner, wa hoteli ya ng'ambo ya barabara! Leo asubuhi gramafoni yake imeanza kuimba kama yangu. Jiwe analo, Afande."

Abner aliletwa na pingu mikononi. Wateja wake walisimama barabarani wakimtazama.

"Umeiba jiwe?"

"Sijaiba."

"Mbona sauti imebadilika?"

"Nimetia sindano mpya kwenye gramafoni."

Manasseh alicheka. "Sindano! Kitu kidogo vile kitafanya nini?"

"Tutajua leo," Inspekta alisema.

Alimtuma askari Tabaka kuomba jiwe lingine. Momanyi alilileta mwenyewe, la ukubwa uleule, ila halijachongwa. Inspekta akatundika blanketi katikati ya hoteli. Nyuma yake alipiga sahani moja tu, mara juu ya jiwe, mara juu ya meza tupu.

"Jiwe lipo au halipo?"

"Lipo!" Manasseh alisema. "Huo utamu nautambua."

Blanketi likashushwa. Gramafoni ilikuwa juu ya meza tupu, ina sindano mpya.

"Omogaka, mzee wangu," Bitutu, muuza ndizi, alimwambia, "masikio yako nayo yakamatwe!"

Inspekta aliweka sindano kuukuu. Sauti ikakwaruza.

"Hapo halipo," Manasseh alisema, sasa kwa sauti ndogo.

Lilikuwepo. Inspekta akarudia, safari hii kwa sindano nzuri kila mara. Jiwe likiwekwa, jiwe likitolewa, hakuna aliyetambua.

"Manasseh, tangu ununue jiwe umekuwa ukibadilisha sindano?"

"Kila wimbo. Nilitaka jiwe lipewe heshima yake."

Inspekta alimfungua Abner pingu. "Amesema kweli. Sauti yake si ushahidi."

Kisha akamgeukia Momanyi, ambaye hakuwa amecheka wala kubishana.

"Jiwe ukishalimaliza, linatoa unga?"

"Langu?" Momanyi alikunja uso. "Hata kidogo! Nalisugua kwa maji mpaka ling'ae. Lipanguse kwa nguo nyeusi, nguo itabaki nyeusi."

"Basi unga huu haukutoka kwenye jiwe. Umetoka kwenye mikono ya mwizi. Mtu anayechonga."

Momanyi aliitazama mikono yake. Majivuno yake yalikuwa yamemfichua.

"Ni mimi," alisema.

"Ulikwisha kuliuza. Kulichukua tena ni wizi."

"Ni wizi. Andika. Nilichonga wanawake wakivuna wimbi, yaani ulezi. Katikati yuko mama yangu na kisu chake kidogo. Manasseh akawafunika! Nikija kunywa chai, watu wamefumba macho, wanasifu sauti, sauti tu. Hakuna anayeuliza nani amechonga."

"Ungeniambia," Manasseh alisema.

"Sikukuambia? Ulisema kitambaa kikitoka, utamu nao utatoka!"

Jiwe lilirudishwa kutoka Tabaka kwa gari la polisi, likawekwa mezani bila kitambaa. Wanawake wa jiwe walikuwa wameinama shambani, shingo zimekazana, masuke yamejaa mikononi. Kwenye vidole vya yule wa katikati ungeweza kuona kucha.

Bitutu aliinama kulitazama. Abner, ambaye angeweza kwenda zake, alisogea karibu. Manasseh alizunguka meza, akazunguka tena.

"Afande, mimi simshtaki," alisema mwishowe.

"Hayo utayaeleza kituoni. Sheria ina njia yake."

Momanyi alinyoosha mikono, kichwa juu.

"Funga taratibu, Afande," alisema. "Mikono hii ndiyo ilichonga hayo mnayoyatazama."