Kompyuta Iliyokosa Pumzi

Treni ya Tabora ilipoingia stesheni ya Mpanda asubuhi moja ya mwaka 1998, wachukuzi waliyavamia mabehewa. Kioo cha kompyuta ya Mwalimu Malale kikashushwa kifudifudi, na mmoja wao akataka kutua gunia la chumvi juu yake.

"Wee! Hicho si kitanda!"

Aliyefoka alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge cha buluu. Hasira ilimpendeza kuliko hereni zake.

"Na wewe kaka mwenye tai, mzigo ni wako au umekuja kuusindikiza?"

"Ni wangu, dada," alijibu Malale, aliyekulia shule za bweni na kufunzwa kutopandisha sauti hadharani.

"Basi shika huku, nishike huku."

Msichana huyo aliitwa Kabula, binti wa Mzee Ndaki wa Mwamkulu. Alikuwa amesomea ufundi wa kompyuta Dar es Salaam, na sasa alifanya kazi katika ofisi ya kupiga chapa pale mjini. Haukupita mwezi kabla Malale hajazoea kumpigia simu kutoka dukani kwa Sadalla.

"Haloo, daktari wa mashine."

"Mgonjwa nani leo, mashine au mwenyewe?"

"Mwenyewe. Moyo unapiga ovyo."

"Zima, subiri kidogo, kisha washa tena."

Walikwisha kuzungumzia posa kompyuta ilipoanza visa. Malale aliitumia nyumbani kuandaa mitihani, nayo ikawa inazimika yenyewe kila ilipofanya kazi kwa muda. Fundi redio Anselmo aliitazama bila hata kuifungua.

"Memori ndogo. Ongeza. Ukiweza, badili mashine nzima."

Anayekuuzia dawa kabla ya kukupima si tabibu, ni mchuuzi. Na mji ulikuwa umejaa wachuuzi wa aina hiyo.

Jumamosi Kabula akaja na bisibisi yake. Alichomoa plagi, akagusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini usiunguze vifaa, akafungua. Feni ilikuwa imesongwa na vumbi jekundu. Matundu ya nyuma yalizibwa na kitambaa cheupe cha kufuma, ndugu wa vile vilivyopamba redio na kabati. Mama Minza, mama yake Malale, alikuwa ameifumia kompyuta hiyo kwa heshima zote.

"Memori ikipungua, mashine huwa nzito, haizimiki," alisema Kabula. "Hii inakufa kwa joto. Tunasafisha feni, tunaondoa kitambaa, tunaisogeza mbali na ukuta ipumue. Ikizimika tena, tutakagua kingine, kimoja kimoja. Usinunue chochote kabla hujaujua ugonjwa."

Akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka kwenye kochi. Mama Minza akaingia.

"Hata hujaolewa, tayari unaivua nyumba yangu nguo?"

"Mayu," Kabula alimwita mama kwa Kisukuma, "mashine inakosa hewa."

"Nyie wasomi wa Dar! Anselmo ni fundi, na ni mwanamume, hakusema hivyo. Malale, eti mimi ndiye ninayeiua mashine yako?"

Malale aliliona vumbi kwenye vidole vya Kabula. Alijua ukweli uko wapi. Akainamisha kichwa.

"Tumwachie Anselmo aamue," alisema.

Kabula alifunga mfuniko, akaondoka bila kuaga.

Anselmo akaongeza memori, kitambaa kikarudi mahali pake, na mashine ikaendelea kuzimika. Siku Mama Minza alipokwenda Kibaoni, Malale aliisafisha feni na kukiondoa kitambaa. Mashine ikafanya kazi hadi umeme wa mji ulipokatika. Akakimbilia kwa Sadalla.

"Kabula mpenzi, imepona!"

"Nimekuuliza habari za mashine?"

"Ulisema kweli."

"Na wewe ulijua nasema kweli! Nimefanywa mwongo sebuleni kwenu, ukanitazama kama abiria anayetazama nje dirishani. Nikiolewa kwenu, nani atanisemea?"

"Mshenga anakuja Jumapili..."

"Mshenga aje. Jibu langu ni hapana." Simu ikakatwa.

Kwa desturi, mposaji hukaa kimya, mshenga akasema. Jumapili ile, nyumbani kwa Mzee Ndaki, Mama Minza alikuwapo kwa sababu mwanawe alisisitiza aje. Kabula alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Mshenga Bartolomeo alikohoa, akaanza maneno yake matamu. Malale akasimama.

"Samahani, mjomba. Nitajisemea."

"Kaa chini, kijana! Utaharibu!"

"Nimekwisha kuharibu kwa kukaa. Mzee Ndaki, binti yako alituambia kwa nini kompyuta inazimika. Mama akamkaripia. Nilijua binti anasema kweli, nikanyamaza kwa woga. Huo haukuwa utii. Ulikuwa unyonge."

"Malale! Mbele za watu?" Mama Minza alihamaki.

"Mama, alidhalilishwa nikiwapo. Lazima asafishwe ukiwapo."

Mama Minza alikaza kitenge chake kiunoni, akageuza uso. Pazia likafunguka, Kabula akatoka, macho yake bado makali.

"Umechelewa," alimwambia Malale.

"Najua."

Kabula akamgeukia mzee wake.

"Baba, waulize habari za ng'ombe wa mahari."