Aliyekanyaga Nyayo za Awiti

Kiilu alitoka kiwandani saa kumi na moja jioni, miguu imevimba ndani ya gambuti. Badala ya kwenda kulala kwake Kamenu, akashika njia ya uwanja wa Kiganjo, kamera begani. Alikuwa amemwahidi Awiti picha. Jumamosi msichana huyo angekimbia mita mia nane kutafuta nafasi katika timu ya taifa, na alitaka picha moja kali, nyeusi-nyeupe, ya kumtumia mamake kule Siaya.

Uwanja ulikuwa mtupu. Vumbi jekundu, magoli mawili bila nyavu, na Syombua wa chai akifunga kibanda chake.

"Sasa, Baba Mutheu. Mbona umechoka hivyo?" Awiti akamuuliza Kiilu, akinyoosha misuli kando ya goli.

"Ni kazi tu. Na wewe?"

"Hata mimi. Wiki nzima mwili ni mzito. Ni kama nimebeba mtu."

Kiilu hakulitilia maanani. Akapunguza kasi ya kamera, akapiga goti, akawa anamfuata kwa lenzi anavyokimbia, ili miti nyuma yake ivutike kama mistari na yeye abaki wazi.

Raundi ya kwanza hakuona kitu.

Raundi ya pili alisikia miguu. Viatu vya Awiti vililia kwa, kwa, kwa. Lakini nyuma ya kila mlio kulikuwa na mwingine, laini... kama wa miguu mitupu.

Halafu harufu. Nywele zinazoungua.

Akapiga picha, akaitazama kwenye kioo cha kamera. Awiti, aliyepaswa kuonekana wazi, alikuwa kama moshi, uso umefutika. Nyuma yake alikuwepo mwanamke mwingine, peku, wazi kabisa hadi mishipa ya shingo. Alikuwa anakanyaga palepale Awiti alipokanyaga.

Kiilu akainua macho.

Awiti alikuwa peke yake.

Kwa miaka kumi na moja ya kushika kamera, Kiilu hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile. Hilo ndilo lililomponza.

"Baba Mutheu, tuachie hapo," Awiti akasema, akihema. "Siwezi tena."

"Raundi moja tu. Ya mwisho."

Awiti akaenda.

Kwenye kona, kupitia tundu la kamera, Kiilu akaona mkono ukiwekwa begani mwa Awiti. Polepole. Kama wa rafiki.

Akabonyeza.

Awiti akaanguka bila hata kupiga kelele.

Syombua alikuja mbio, akamlaza ubavu. Awiti alikuwa anapumua, macho wazi, hatazami kitu. Kiilu akamwonyesha Syombua ile picha. Mama huyo aliitazama mara moja, akageuza uso.

"Kuna mtu amechota udongo wa nyayo zake, akamroga," akanong'ona.

"Nani?"

"Hata mimi nilichotewa, zamani nikikimbia. Nikaacha mbio, nikapona. Sikuwahi kujua ni nani." Akaitazama kamera. "Lakini mimi hakuna aliyenipiga picha."

Kabla hajafika nyumbani, Kiilu alizifuta picha zote. Alidhani anamwokoa.

Madaktari hawakuona ugonjwa wowote. Jumamosi ikaja, ikapita. Maxine, dadake Awiti, alimpeleka Gatongora akakae naye dukani kwake. Baada ya miezi miwili Kiilu akaenda kumwona. Alimkuta nyuma ya kaunta, amenyooka kama aliyewekwa pale, mteja mbele yake akiomba unga mara ya tatu.

"Anakula vizuri," Maxine akasema kwa sauti ya chini. "Ila hazungumzi. Ukimwita, inachukua muda kabla ageuke. Nimechoka, Baba Mutheu."

Kiilu akasogea karibu.

"Awiti. Nisamehe."

Midomo yake ikacheza.

"Ile picha... unayo?"

Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya ukuta.

"Hapana, usiogope. Nilizifuta zote jioni ile ile. Hakuna hata moja."

Chozi moja likamshuka Awiti, na uso wenyewe haukubadilika hata kidogo.

"Sasa mimi," akanong'ona, "nitarudi kwa kupitia wapi?"