Mkwaruzo Katika Kila Taa

Jumapili, saa moja na dakika kumi asubuhi, mpiga picha waliyemwita Mzee Ukungu alikutwa studioni kwake, amekufa juu ya kiti cha wateja. Miaka thelathini ya kazi hakuwahi kukikalia. Kisogo kilikuwa kimepasuka, lakini nywele za mbele zilichanwa vizuri, na hizo nywele ndizo zilizomsisimua mwili inspekta, mama mtu mzima aliyekwisha kuona maiti wengi.

Lenzi kuukuu ya kamera yake, ile iliyoyeyusha taa za nyuma ya mteja zikawa viduara laini, haikuwepo. Daktari alisema alikufa Jumamosi, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Majirani walimsikia akimfokea binti yake saa nane mchana. Binti akawekwa mahabusu.

"Nilifuta kioo cha nyuma cha lenzi kwa koti langu, zipu ikakikwaruza," alilia. "Nikaondoka bila kumwomba radhi, afande."

Inspekta alitamani kumwamini, ila machozi si ushahidi. Akavuka barabara kwenda kwa rafiki wa marehemu, naye mpiga picha. Lenzi ilikuwa mezani, peupe.

"Alinipa mwenyewe, Jumamosi saa nne asubuhi," alisema rafiki. "Nikampiga picha nayo palepale studioni kwake. Ione, na saa imeandikwa."

"Saa ya kamera si anaipanga mwenye kamera?"

"Afande, unanitafuta ubaya."

"Haya, yaishe. Ulipopewa, kioo kilikuwa kizima?"

"Safi kabisa! Nilikikagua kwa tochi, mbele na nyuma."

Inspekta akaiinua picha. Mzee amekaa kitini, nyuma yake viduara vya taa zaidi ya ishirini. Ndani ya kila kiduara ulipita mstari mwembamba, mahali palepale.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Mkwaruzo wa kioo umejichora katika kila taa. Saa nne haukuwepo, umekiri mwenyewe. Ulitokea saa nane mchana, binti alipokifuta kioo. Wewe ulimtazama mzee tu, hukutazama nyuma yake." Akaisogeza picha karibu na macho. "Na yeye anatazama wapi? Macho hayako kwenye kamera."

Rafiki akakaa chini.

"Miaka thelathini wateja wanaupita mlango wangu kwenda kwake. Nilimwomba aniazime lenzi siku moja. Akacheka. Nikamsukuma, akaangukia pembe ya meza. Nikataka picha ionyeshe tuliachana kwa amani."

"Ukamkalisha. Ukamchana nywele."

"Nikamwambia atabasamu," alinong'ona. "Mazoea, afande."

Binti aliachiwa jioni hiyo. Alisimama mbele ya meza ya inspekta, amevimba macho.

"Mganga hajigangi. Baba hakuwa na picha yake hata moja. Nimesikia ipo moja, ya baada ya ule ugomvi."

Inspekta akaifunika kwa kiganja bahasha yenye picha ile. "Ni ushahidi, mwanangu. Siwezi kukupa."

"Basi niambie tu. Bado alikuwa amenikasirikia?"

Inspekta hakuwahi kudanganya kazini, na kiganja hakukiondoa.

"Hapana," alisema. "Hasira zilikuwa zimemwisha."