Mluzi wa Getini

Mimi sipambi maneno. Naandika kama alivyonisimulia rafiki yangu, fundi wa kuchomelea. Jioni moja alipakia mbwa wake wawili kwenye pikapu, akaenda shamba kwa swahiba wake, aliyemsihi sana asiwaache nyumbani. Mbwa wale waliitika mluzi mmoja tu: mrefu mara moja, mfupi mara mbili. Fundi alikuwa amemfundisha swahiba huyo peke yake, kwa kumwamini.

Alipozima gari getini, giza lilishaingia. Mluzi ule ukatoka vichakani. Mbwa wakaruka chini, mikia ikichezacheza, wakapotelea humo.

“Acha utani, bwana mkubwa! Toka huko!” fundi alicheka.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Swahiba alisimama na taa, macho chini.

“Si mimi, ndugu yangu. Nisamehe. Kiliniuliza unawaitaje.”

“Nini kilikuuliza? Na wewe ukasema?”

“Kiliahidi kuniacha.”

Fundi alimtukana, mimi ningemzaba kofi kwanza. Akapiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Hakuna mbwa aliyebweka. Alijibiwa kwa mluzi uleule, kutoka sehemu mbili gizani, chini kabisa, usawa wa magoti.