Jina Getini

Seremala alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Mke wake alimshikia upande wa pili. Kila aliyepita alisalimu, "Bosi, hujambo?" Naye aliacha kazi ili aitikie.

"Piga randa, baba watoto," mke alisema. "Mlango wa watu huu."

Jina la seremala liliandikwa kwenye geti la kampuni ya kutengeneza mabomba ya mafuta. Sheria ilitaka kazi hiyo ipewe kampuni ya wananchi. Basi wageni wenye kampuni walimwomba aweke sahihi, aonekane yeye ndiye mmiliki. Walimpa kofia na posho. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mtaa mzima.

Siku moja alikuja mkaguzi wa serikali, mama mmoja mpole.

"Mzee wangu, twende nikaione kampuni yako."

Getini mlinzi aliwazuia. "Samahani, Bosi. Una kibali cha kuingia?"

Mkaguzi hakucheka. Aliuliza, "Nani anaajiri humu?"

"Wao."

"Faida inakwenda wapi?"

"Kwao."

"Basi kampuni ni yao. Mwenye mali ni yule anayeamua na kupata faida. Wageni hatuwafukuzi, mzee wangu. Visima vikubwa vya mafuta vinahitaji mitaji yao. Lakini kazi hii ya mabomba tuliwawekea mafundi wetu, wakue nayo, na faida ibaki hapa. Ukimwazima mgeni jina lako, fundi wa nyumbani anakosa. Nani mwingine aliomba kazi hii?"

Seremala alimjua. Aliyeomba alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Alikuwa na karakana ya kuchomelea mabomba uani kwao. Alipoikosa kazi, aliuza mashine, akahamia nchi jirani na familia yake. Siku ya kuaga alisema, "Kaka, umenifungia mlango." Seremala alidhani ni wivu.

Sasa machozi yalimlengalenga. Alimwonea mdogo wake uchungu, akajionea aibu.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mkaguzi, akasema ukweli, akaondoa jina lake. Posho ikakoma. Kazi ikatangazwa upya. Mafundi waliofunzwa na mdogo wake waliungana, wakaomba, wakapata. Leo wanaamua wenyewe na kufundisha wengine.

Walipotaka jina la kampuni, seremala alimpigia simu mdogo wake.

"Tuandike jina lako getini?"

Mdogo wake akasema, "Safari hii umeniuliza, kaka. Asante. Andika majina ya wanaochomelea."

"Utarudi lini?"

"Watoto wameshazoea huku."

Seremala alichukua brashi, akaandika mwenyewe majina ya mafundi getini, taratibu. Mpita njia akamwita, "Bosi, hujambo?"

Hakugeuka. Aliendelea kupaka rangi.