Maji ya Mtungi Mmoja

Kila alipotoka shule, Munira alijua kazi yake: kuteka maji kwenye kisima cha mchangani kule korongoni, kuyachemsha, kisha kumjazia mdogo wake Zaidi chupa. Mwaka ule wa 1992 mabomba ya mtaa wao, pembezoni mwa mji wa Dodoma, yalikuwa yakitoa upepo tu. Mama alishinda sokoni akiuza mitumba, na nyumbani alibaki bibi yao, Bi Swaumu, ambaye miguu ilimsumbua.

Jumatatu moja wasichana wenzake walikuwa wakicheza rede nje, na kwa kelele zile nani angekaa kupuliza mkaa? Munira alichota maji mtungini, akanywa kikombe kizima, akampa na bibi. Hayakuwa na ladha mbaya. Akamjazia Zaidi chupa, akatimua mbio.

"Umeyachemsha?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi," alijibu bila hata kugeuka.

Jumatano Zaidi akawaka homa. Akahara, na choo kikawa na damu. Munira aliogopa sana, lakini alishangaa vilevile. Yeye mzima, bibi mzima, na mama aliyekunywa maji yale yale jioni alikuwa mzima pia. Kama yalikuwa na ubaya, mbona yalimchagua mtoto wa miezi tisa peke yake?

Asubuhi yake jirani yao, Mama Kuluthumu, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimfunua mdomo, akaguna.

"Mama Munira, hebu ona ufizi ulivyovimba. Haya ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomletea homa na kuhara! Yasipong'olewa utampoteza mtoto. Kuna mzee huko Msalato anayachokonoa kwa spoku ya baiskeli, dakika moja tu."

Mama akaanza kumfunga Zaidi mgongoni kwa kanga. Munira alivurugikiwa kabisa. Labda ni meno kweli, aliwaza, na kama ni meno, basi yeye hana kosa. Alitamani sana iwe hivyo. Kisha akaifikiria ile spoku.

"Mama, sikuyachemsha maji ya Zaidi! Jumatatu. Lakini sote tuliyanywa. Sielewi, mama, sielewi!" Akaangua kilio.

"Basi si maji hayo," alisema Mama Kuluthumu. "Mngehara wote."

Mama alimtazama jirani, akamtazama bintiye, asijue ashike lipi. "Twende zahanati kwanza," alisema mwishowe. "Meno hayakimbii."

Kule zahanati, Daktari Thobias alimpa Zaidi dawa, akamwonyesha mama namna ya kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Ufizi ule, alisema, ulikuwa wa mtoto anayeota meno tu, na usiguswe.

"Shikamoo, daktari," alisema Munira kwa sauti ndogo. "Mbona sisi hatukuugua?"

"Marahaba. Tumboni mwa kila mtu kuna walinzi. Wa bibi yako wamepambana na vijidudu hivi miaka mingi, wanavijua kwa sura. Vikiingia tu, wanavikamata. Wa Zaidi wangali wanajifunza kazi. Mpaka wamjue adui, utumbo umeshajeruhiwa. Halafu mwili wenyewe mdogo, unakauka upesi."

"Na mimi?"

"Wewe uko katikati. Safari hii umepona, nyingine sijui. Kwa hiyo usipime maji ya mtoto kwa tumbo lako."

Siku ya nne Zaidi alianza kula uji na kupiga kelele. Ndipo mama alipomwita Munira, akamkalisha kando yake.

"Nimekasirika, sikufichi. Ulimdanganya bibi yako, na mdogo wako nusura afe. Lakini ile asubuhi nilikuwa nimeshafunga kanga. Ungesubiri mpaka uelewe, tungemchokonoa ufizi bure na ugonjwa ungemmaliza. Ukikosea, mwanangu, sema papo hapo, hata kama hujui kosa lako limefanya nini. Kuelewa tutaelewa pamoja."