Vifuko vya Namugongo

Kifuko kilipopasuliwa hakikutoa noti. Kilitoa magazeti.

Ilikuwa asubuhi stendi ya Songea, basi la kuwapeleka mahujaji Namugongo, Uganda, limeshawashwa na linatikisika. Monika Gama alikuwa amekalia mzigo wake. Alitaka kujikopa kidogo anunue mtindi wa njiani. Akauma uzi kwa jino, akaingiza kidole, akatoa vipande vya gazeti vilivyokatwa kwa ukubwa wa noti, vimepangwa kwa adabu kabisa.

"Yesu wangu!" akapiga yowe.

Kufumba na kufumbua, wanawake wa hija walikuwa wamepandisha vitenge vyao vya sare mbele ya makondakta, kila mmoja akichomoa kifuko chake kiunoni. Makondakta waligeuza nyuso. Mmoja hakugeuza, lakini hayo ni yake na Mungu wake. Vifuko vyote vilikuwa magazeti.

Inspekta Justa Nyoni wa upelelezi alipofika na Koplo Azizi, watu walikuwa wameshajipatia mwizi wao. Mama Benigna Komba, mjane wa mtaa wa Bombambili, alikuwa chini kando ya tairi, khanga imechanika, damu inamtoka puani. Ndiye aliyelinda vifuko usiku wa kuamkia misa. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo.

"Mwacheni," alisema Justa.

"Afande, huyu ametumalizia hija!"

"Nimesema mwacheni. Akifa, nitakaowauliza ni ninyi."

Mikono ikashuka. Mmoja wa wapigaji alikuwa bado ana rozari kwenye vidole.

Benigna alipandishwa kwenye gari la polisi. Hakulia, hakujitetea. Justa alitazama kwenye kioo na kuona watu wanalifuata gari kwa miguu. Alijua kuachiwa kwake tu hakutatosha. Mwizi asipopatikana, huyu mama akirudi Bombambili watammalizia nyumbani kwake.

Kituoni, mwenyekiti wa hija alikuwa ametangulia kwa pikipiki. Mwalimu Hironimus Haule, suruali ya kitambaa, shati la kitenge cha sare, kalamu mfukoni. Aliwahi kusoma kozi Kampala miaka ya nyuma. Na Songea, mtu akishasema "nilipokuwa Kampala", hata kikohozi chake husikilizwa.

"Vifuko hivi nani alivibuni?" Justa aliuliza.

"Mimi, Inspekta. Niliwapa semina ya safari. Niliwaeleza yote." Akaanza kuhesabu kwa vidole kama yuko darasani. "Fedha usibadilishe na mtu wa barabarani, nenda benki au duka lenye leseni. Bei ya bodaboda patana kabla hujapanda. Asiyekujua akikimbilia kukubebea mzigo, ujue umeshamgawia. Fedha usiweke kwenye mkoba, weka mwilini. Chumba usichokiona usikilipie."

Koplo Azizi aliandika yote. Mengine aliyaandika kwa faida yake mwenyewe.

"Na vifuko?"

"Kila mmoja ashone kifuko cha kitenge cha sare, atie fedha za matumizi, akishone mdomo. Asikifungue hadi Uganda, ndiyo namna ya kubana matumizi. Wote kiasi kimoja, bila majina, asionekane mwenye nacho na asiye nacho. Jumamosi wakavileta stoo ya ukumbi wa jumuiya. Jumapili vikabarikiwa, kila mtu akachukua kimoja."

"Ufunguo?"

Mwalimu alitazama dirisha. "Alikuwa nao yule mama."

"Unamfahamu?"

"Ni wa jumuiya yetu."

"Ana shida ya fedha?"

"Nani hana, Inspekta? Mjane yule. Shetani hachagui."

Alipoondoka, Justa alimwaga vielelezo mezani. Vifuko vilikuwa vingi, vinafanana kama mapacha.

"Alama za vidole?" aliuliza.

"Haziwezi kutusaidia, afande. Hivi vimeshikwa na parokia nzima."

"Tazama mishono basi."

Azizi aliinama. "Naona uzi."

"Mkeo anaishi na taabu. Wanawake wote hawa walishona midomo ya vifuko kila mmoja nyumbani kwake. Mishono ingetofautiana. Mwingine ana haraka, mwingine ana mtoto mgongoni. Hii yote ni ya mkono mmoja. Mishono mifupi, fundo ndani."

"Kwa hiyo vya fedha vimeondolewa vyote, vikawekwa vingine vizima?"

"Vilivyotayarishwa kabla. Ni kubadilisha tu kapu kwa kapu. Dakika tatu."

Justa alichukua sindano na uzi, akaenda chumba cha mahojiano. Benigna alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nitungie uzi hapa."

Benigna alipokea. Alilamba uzi, akausogeza, ukapita pembeni. Akausogeza tena, ukapita pembeni upande wa pili. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Mtoto wa jicho," alisema kwa aibu. "Hata kifuko changu alinishonea jirani."

"Basi hukushona vile vya magazeti."

"Sikushona."

"Nani aliingia stoo Jumamosi?"

Benigna alimrudishia sindano.

"Mama, nje ya geti kuna watu wana mawe. Hawakuja kunisalimia mimi. Nani aliingia?"

"Sina wa kumtaja."

"Ulitoka wakati wowote?"

"Nilikuwa palepale ukumbini."

"Unamlinda nani?"

Benigna alijifunika uso kwa kile kipande cha khanga kilichobaki. "Mniweke tu ndani, mwanangu. Mimi ni mzee. Nitakaa."

Justa alitoka akiwa na hasira, na hakujua ni hasira ya kumkasirikia nani. Getini alimwona mwanamke mwembamba amesimama mbali na wenzake, ameshika chupa ya chai.

"Yule ni nani?"

"Noela, afande," alisema askari wa zamu. "Binti wa mtuhumiwa. Anataka kumletea chai. Wengine wamemtemea mate, hakuondoka."

"Mpitishie chai yake."

Ukumbi wa jumuiya ulikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, na ubavuni mwake, ng'ambo ya njia, kulikuwa na baraza la fundi cherehani. Fundi mwenyewe, Nasrin, mtu wa Tunduru, ndiye aliyeshona sare zote za hija ingawa yeye ni Mwislamu. Fedha ya mteja haina kanisa.

"Jumamosi ulikuwepo?" Justa aliuliza.

"Tangu asubuhi mpaka jua linazama. Sare za watu zilinitoa roho."

"Uliona nani anaingia stoo?"

"Mlango siuoni kutoka hapa, dada. Naona ukuta tu. Na kwenye ukuta niliona kituko."

"Kituko gani?"

"Yule Bi Benigna. Alasiri, upepo wa milima ya Matogoro unavuma mpaka meno yanagongana. Akatoka mbio, akasimama pale ubavuni. Kajifunika khanga gubigubi, uso kaugeuzia ukutani. Nikamwita, 'Bibi, kuna nini, njoo uote jiko!' Hakugeuka. Alisimama pale kama anasubiri kupigwa picha ya kisogo. Halafu akarudi ndani."

Azizi alicheka. Justa hakucheka. Aliutazama ule ukuta muda mrefu.

"Koplo, kwenu Wayao mama mkwe anakaa chumba kimoja na mume wa binti yake?"

"Wanaheshimiana, ila wanakaa, afande."

"Kwetu Wangoni wa zamani hawakai. Mkwe akiingia, yeye anatoka. Hamtazami usoni. Jina lake halitaji mdomoni mpaka kaburini."

"Hata nyumba ikiungua?"

"Ikiungua, kila mtu anatafuta dirisha lake."

Azizi akaacha kucheka.

"Nasrin," Justa alisema taratibu, "mimi nimehamia juzi kutoka Namtumbo, sijawajua watu wa hapa. Noela, binti wa Benigna, ameolewa na nani?"

"Wewe hujui? Na mwalimu! Mwalimu Hironimus, mwenyekiti mwenyewe."

"Na mabaki ya kitenge cha sare yalikwenda kwa nani?"

"Kwake. Robota alinunua yeye, akayadai yote, hata vipande vya kufutia miwani. Nilidhani anamshonea mkewe foronya."

Hironimus aliitwa tena kituoni alasiri. Alikuja kwa haraka, bado na kalamu yake.

Justa hakumpigia kelele. Alimwekea kifuko kimoja mezani.

"Mwalimu, Kampala mngelala wapi?"

"Kuna nyumba ya wageni. Nzuri, karibu na mahali pa ibada. Nilishalipia vyumba vyote."

"Ulikwenda ukaviona?"

"Niliona picha. Kwenye simu."

"Tupigie basi, tuwaambie mahujaji watachelewa."

Hironimus alitoa simu. Akapiga namba. Akaiweka sikioni, akaitoa, akaiweka tena. Chumba kizima kilisikia sauti ya yule dada anayesema namba haipatikani.

"Mtandao," alisema.

"Mtandao," Justa alikubali. "Mama mkwe wako hajambo. Pua imeacha kutoa damu."

Mwalimu aliweka simu chini. Nje kulikuwa na baridi, naye jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

Azizi alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Hironimus aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

"Alinitaja?"

"Hajakutaja. Ulijua hatakutaja. Sema."

"Nilitaka kuwaokolea fedha," alianza. "Vyumba vya Kampala wakati wa hija bei zinapanda. Nikaona hili tangazo. Punguzo nusu kwa atakayelipa leo. Nikatuma michango ya malazi yote. Kesho yake nawapigia, wananiita 'mwalimu wetu', wanasema vyumba vimeshikiliwa, kuna tatizo dogo la uthibitisho."

"Ukajua umeibiwa."

"Nilijua. Sikutaka kujua." Alifuta jasho. "Inspekta, mimi ndiye niliyesimama mbele yao. Nilisema chumba usichokiona usikilipie. Waliandika. Monika alirudia kwa sauti ili asisahau. Ningesimamaje tena niseme mwalimu mwenyewe kaliwa?"

"Kwa hiyo ukashona vifuko."

"Shule ya bweni tulijishonea wenyewe. Nilishonea shuleni, wanafunzi wakienda mapumziko. Jumamosi nikaja na kapu la mishumaa, vifuko vikiwa chini. Mama alinisikia nikibisha, akaacha stoo wazi, akatoka kwa heshima yake. Nikabadilisha. Nilifikiri nitatumia fedha hizo kulipa vyumba vya kweli, kisha nitawaambia tumeibiwa vifuko njiani. Watu huibiwa njiani."

"Fedha ziko wapi?"

Hironimus alitazama meza.

"Mwalimu, ziko wapi?"

"Jumamosi ileile walinipigia. Wakasema fedha za kwanza zinarudishwa, ila kuna ada ya kurudishiwa. Nikailipa. Wakasema ada ina kodi."

"Ukalipa kodi."

"Nikalipa."

"Na kodi nayo ikawa na mdogo wake."

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, Inspekta. Hata za kwangu."

Azizi aliacha kuandika. Alikuwa na mama yake Tunduru, anayesafiri mara moja kwa miaka mingi, na kila akisafiri hukopa kikapu.

"Asubuhi ulikuwa wapi wakati wanampiga?" Justa aliuliza.

"Nyuma ya basi."

"Unaona?"

"Nasikia."

"Wangemuua."

"Nilijiambia hawatafika huko. Nilijiambia nikihesabu mpaka kumi wataacha." Akafunika uso. "Nilihesabu mara nyingi."

Alivikwa pingu, akapelekwa mahabusu kwa mlango wa nyuma. Hakukuwa na mwingine wa kukamata. Wale wa Kampala, kama kweli wako Kampala, Justa aliandika barua ya kuomba wapelelezwe, akijua safari ya barua hiyo itakuwa ndefu kuliko ya mahujaji.

Alimkuta Benigna amemaliza kikombe cha chai. Akamweleza yote, polepole. Benigna alisikiliza akizungusha kikombe kitupu.

"Angetuambia tu," alisema mwishowe. "Tungelala nje. Namugongo watu wanalala kwenye nyasi, maelfu. Nilishafunga mkeka wangu. Nani alimdai vitanda?"

"Sasa hivi nitatoka niwaambie watu wa getini, mama. Jina lako litasafishwa mbele ya wote."

"Ukiwaambia si mimi, watauliza ni nani."

"Watauliza."

"Na ukiwaambia, mawe yataanza kumtafuta Noela. Na wajukuu zangu shuleni." Alimtazama Justa kwa yale macho yenye ukungu. "Mwanangu, si ungeacha tu iwe mimi?"

"Siwezi, mama."

"Hata nikikubali kutia dole gumba kwenye maelezo?"

"Hata ukikubali. Askari watazilinda nyumba zote mbili. Hilo naweza."

Benigna aliweka kikombe chini. Kisha akasimama, akajifunga khanga, akaifunika ile sehemu iliyochanika isionekane.

"Basi Noela asisikie kwa polisi. Nipishe nitangulie."

Justa alimfungulia mlango. Wale wa getini walirudi nyuma walipomwona anatembea bila pingu. Jiwe moja lilidondoka chini, bila kurushwa. Monika Gama alianza kusema "Mama Benigna, utusa—" lakini Benigna alimpita kama nguzo ya umeme, akaenda hadi pale mbali, chini ya ukuta.

Noela alimkimbilia. "Mama! Wamekuachia? Wamempata?"

"Wamempata."

"Nani?"

"Kaa chini kwanza."

"Mama, ni nani?"

Benigna alimshika mabega, akamkalisha chini, akakaa naye vumbini. Kisha akamtaja mume wa binti yake kwa jina, lote, mara ya kwanza tangu mahari ilipopokelewa.